Mgeni wa Jumapili

6 Machi

Mume wangu,

Nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya ubao wa dirisha, kwa sababu nikikaa tu Kijino anaamka. Sijui anajuaje. Kijino ni jina nililompa mimi, kwa ajili ya lile jino lake moja la chini. Kule kituo cha watoto walikuwa wanamwita "wa kitanda cha nne", nikaona mtu hawezi kukua akiitwa kama samani.

Chumba ni kile kile ulichokiona siku tuliyomchukua: juu ya duka la viatu, kitanda, jiko la mafuta, beseni, na ngazi ya nje inayotetemeka mtu akipanda. Ngazi hiyo imenigeuza paka. Ikitetemeka tu nafunika sufuria, nafuta meza, nambeba mtoto, maana afisa wa ustawi wa jamii haji kwa miadi. Juzi alinikuta na povu la sabuni mpaka viwikoni. Akafungua sufuria, akanusa. Akainama kuangalia chini ya kitanda. Halafu akauliza, "Mumeo yuko wapi?" Nikamwambia yuko nyumbani anaezeka paa la ghala, atakuja mwezi wa nne. Akasema, "Ombi ni la watu wawili. Mimi namwona mmoja."

Masharti yao unayajua. Lazima niishi na mtoto hapa hapa nchini kwao, machoni mwao, mpaka mahakama itoe amri. Nikivuka mpaka hata kwa wiki, anarudishwa kituoni. Na kufanya kazi siruhusiwi. Hilo ndilo linalonimaliza. Fundi cherehani mzima nimekaa mikono mitupu! Jana nimefumua pindo la pazia la mwenye nyumba, nikalishona upya. Hakuniomba.

Usipige simu bila dharura. Simu iko sebuleni kwa mwenye nyumba, na nikianza kuongea familia nzima inazima redio. Andika, dereva wa basi anayebeba barua zetu ni mwaminifu.

Jumapili tulipata mgeni, mtu wa hapa hapa mjini. Si kitu.

Njoo mwezi wa nne kama ulivyoahidi. Sipendi kumwambia mtoto kwamba ana baba, kama mtu anayesimulia hadithi ya sungura.

Mkeo


19 Machi

Mama Kijino,

(Nimeandika hivyo ili nione linakaaje. Linakaa vizuri.)

Hapa sote wazima. Kazi ya ghala inaendelea, ila mabati ya mwisho yaliletwa mafupi na tunavutana na mwenye mali kila kukicha. Kwa hiyo mwezi wa nne naona utanishinda. Tuseme wa tano, au basi siku yenyewe ya mahakama. Usikunje uso, nakuona.

Hivi umewahi kuitazama dari ya chumba chetu sawasawa? Juu ya kabati pana doa lenye umbo la kuku anayetaga. Miaka yote hii tunalala chini ya kuku, wala hatujapata yai.

Mama anakusalimu. Bado anasema "huyo mtoto wa watu", lakini juzi nilimsikia uani akimuuliza jirani kama kile kitanda cha wavu cha wanawe bado anacho. Nilipomuuliza akasema anataka kuanikia dagaa.

Mgeni gani? Mwanamume au mwanamke? Natania. Lakini niambie.

Mumeo


2 Aprili

Mume wangu,

Jana niliomba simu nikapiga ghalani. Akapokea mlinzi. Nikamwambia namtaka fundi paa mkubwa. Akasema, "Huyo? Haonekani hapa tangu mwezi wa pili. Paa lenyewe lilishakwisha, mama, tumeshaingiza magunia."

Redio ya sebuleni ilikuwa imeshazimwa. Mwenye nyumba alinisogezea kiti kabla sijashusha simu.

Mabati yapi hayo mafupi? Uko wapi mchana kutwa? Wanaume wengine huondoka kwa mlango, wewe unaondoka kwa tarehe: leo mwezi wa nne, kesho wa tano. Kama moyo wako umerudi nyuma, sema. Mimi ndiye niliyetaka zaidi, najua. Lakini siku tuliyomchukua ulimshika, akakushika kidole, ukasema, "Huyu ana mkono wa kazi." Mtu haongei hivyo kisha akanyamaza.

Afisa alikuja tena. "Bado namwona mmoja," akasema. Nimezunguka chumba hiki mpaka mtoto amepata kizunguzungu. Nikilala naamka, nikiamka sijui nimeamkia nini.

Nijibu. Na safari hii nijibu kweli.

Mkeo


9 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Barua yako imesomwa humu ndani kimyakimya kisha ikafichwa chini ya godoro, na anayetandika godoro ni mimi.

Mume wako hana mwanamke na moyo wake haujaenda popote. Hata angetaka, kwa mguu upi? Mguu umevunjika mahali pawili. Na usidhani alianguka kwenye ghala la watu. Ameanguka hapa nyumbani! Mtu aliyeezeka shule na masoko na vituo vya polisi akaja kuanguka kwenye paa la chumba cha uani, ambalo hata kuku hulirukia bila kulalamika. Alitaka kutoboa kidirisha juu, mtoto apate mwanga. Bati likamteleza, na yeye nyuma yake. Sasa amefungwa plasta mpaka pajani, analala chali anahesabu madoa ya dari.

Aliniapisha nisikwambie. Alisema ukisikia tu utapanda basi, na ukipanda basi wale watu watampa mtoto mtu mwingine. Mimi sikuapa. Nilikohoa tu, yeye akachukulia ndiyo.

Sasa sikiliza. Usije. Mguu huu nitauuguza mimi niliyeuona ukipiga hatua ya kwanza. Wewe kaa na huyo mtoto wa...

kaa na huyo mtoto. Kitanda cha wavu nimekichukua, na sina nia ya kukirudisha.

Mama mkwe wako


16 Aprili

Wewe mwanamume!

Nimelia, nimecheka, halafu nimekutukana kwa sauti mpaka mwenye duka la viatu akagonga dari yake kwa ufagio. Kuku anayetaga! Kumbe umelala chini yake tangu asubuhi hadi asubuhi, na mimi huku nakuwazia unazurura mitaani na viatu vilivyong'arishwa. Mungu akupe mguu mpya na ulimi mpya.

Ningekukasirikia mpaka mwisho, lakini siwezi, kwa sababu na mimi nimekuficha jambo.

Yule mgeni wa Jumapili ni msichana. Anafanya kazi kiwanda cha mikate. Mara ya kwanza alisimama mlangoni hakutaka hata kuingia. Akasema, "Samahani dada. Mpishi wa kituo cha watoto ndiye aliyenielekeza. Nataka kumwona tu, sitamgusa." Nikamuuliza yeye ni nani. Akasema, "Mama yake alikuwa dada yangu. Alipofariki kwenye uzazi mimi nilikuwa mbali kikazi, habari zilinifikia mazishi yameshapita. Walisema mtoto amechukuliwa na serikali. Nilidhani serikali ni mahali pamoja."

Nikampa mtoto. Akamgeuza kichwa taratibu, akamtazama sikio, akasema, "Hili ni la dada." Miezi yote hii nalala karibu na sikio hilo, sikujua ni la mtu.

Tangu hapo anakuja kila Jumapili. Anakuja na mkate, ananukia hamira, anakaa mwisho wa kitanda. Hasemi anataka nini na mimi siulizi, naogopa kuambiwa. Kijino akimwona anarusha miguu. Akiondoka mimi nabaki na chumba ambacho hakinitoshi.

Afisa hajui. Kwenye mafaili yao imeandikwa mtoto hana ndugu. Siku ya mahakama wataniuliza kama najua chochote. Huyu binti ni mama mdogo wake, na mama mdogo ni mama. Sasa mimi ni nani?

Niambie la kufanya. Upesi, maana hapa sikai wala silali.

Mkeo


24 Aprili

Mke wangu,

Usiseme.

Usiseme kitu. Binti mwenyewe hajadai. Hajaenda ustawi, hajaenda mahakamani, anakuja kulisha macho na kuondoka. Kwa nini umfungulie mlango ambao hajaugonga? Tumengoja miaka mingapi? Umesahau zile safari za hospitali, na yule daktari aliyekuwa anaongea huku anaangalia saa? Umesahau ulivyokuwa unashona nguo za watoto wa watu na kuzikunja bila kuzitazama?

Mimi sina mguu, sina kazi, niko chali kama mende. Kitu pekee nilichonacho cha kungoja ni ninyi wawili kushuka kwenye basi. Usininyang'anye hicho.

Tukishafika nyumbani tutamwandikia. Tutamtumia picha. Nakuomba kama mtu anayepiga magoti, ingawa wamenifunga siwezi.

Mumeo


26 Aprili

Mume wangu,

Jibu lako halijafika na mimi nimeshindwa kungoja. Nimesema.

Afisa alikuja jana akakuta mikate miwili mezani, akauliza, "Nani anakuletea?" Angeridhika na jibu lolote. Nikamwambia yote, tangu ile Jumapili ya kwanza. Alivua miwani. "Unajua ungeweza kunyamaza," akasema. Nikasema najua. "Mbona hukunyamaza?" Nikamwambia kwamba kuna siku mtoto huyu atajitazama kwenye kioo aniulize sikio hili kalitoa wapi, na sitaki siku hiyo nijifanye nasaka sindano.

Hakunisifu wala hakunifariji. Alisema kesi inasogezwa mpaka katikati ya mwezi wa sita. Mama mdogo atakuja kila mchana akitoka zamu, akae na mtoto, ajipime. Akimtaka, damu inatangulia. Ni sheria.

Binti alipoambiwa alinitazama kama nimempiga kofi. "Dada, mimi sikuomba hivi," akasema. Sijui kama nimemtendea wema au ubaya.

Dereva wa basi amenipa barua yako sasa hivi, yangu hii ikiwa mkononi. Nimeisoma hapo hapo kituoni, watu wananipita na mizigo. Imechelewa siku moja tu, baba. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, pona kwanza.

Mkeo


6 Mei

Kwako,

Nilikaa siku kadhaa bila kutaka kukuandikia. Nilisema moyoni, kama uliniuliza nini cha kufanya, ungengoja jibu. Na kama hukutaka kungoja, kwa nini uliniuliza? Bado nasema hivyo.

Mama alinikuta nimegeukia ukutani. Akaniuliza, "Mguu?" Nikasema hapana. Akachukua barua yako, akaisoma yote, anasogeza midomo. Nilitegemea aseme damu nzito kuliko maji, kama alivyosema siku zile tulipomwambia mara ya kwanza. Nilikuwa nimeshajiandaa kumjibu. Akasema, "Mkeo ana roho ngumu." Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi afadhali. Mtoto wa kuiba halali vizuri, wala aliyemwiba." Halafu akaniambia niinuke, nimekuwa kama gogo, akaniletea magongo.

Nimetembea mpaka uani na kurudi. Nilitoka jasho kama nimebeba kenchi ya paa peke yangu. Lile tundu bado liko juu ya chumba kile. Mwanga unaingia moja kwa moja sakafuni, hakuna mtu.

Siwezi kusema nimekusamehe. Nasema natembea.

Mumeo


30 Mei

Mume wangu,

Binti aliacha kuja. Nakueleza kama ilivyokuwa.

Wiki mbili za mwanzo alikuja kila mchana. Nilimfundisha kumwogesha, yeye akanifundisha wimbo ambao dada yake alikuwa akiuimba wakifua. Nilikuwa natoka nje kuwaachia nafasi, nazunguka mtaa, naingia duka la viatu na kujaribu viatu ambavyo sinunui. Nikirudi, Kijino yuko kifuani pake. Nikajua nimeshashindwa. Nikaanza kukunja nguo zake ndogo zibaki tayari.

Halafu siku moja hakutokea. Nilifurahi, sitakudanganya. Siku nyingine tena hakutokea nikafurahi zaidi, hata nikaimba. Lakini mchana ukifika, Kijino anageukia mlango. Ngazi ikitetemeka ananyoosha shingo, akimwona mwenye nyumba anakunja uso. Furaha yangu ikaanza kuninukia vibaya.

Nikambeba nikaenda kiwandani. Msimamizi akatupa muda wa kunywa chai. Binti alitoka amejaa unga mpaka kwenye nyusi, akasimama mbali kidogo asimchafue.

"Mbona huji?" nikamuuliza.

"Kila nikiondoka analia, dada. Nikasema nikiacha sasa atasahau haraka, na wewe utapumua."

"Mimi usinihurumie. Unamtaka au humtaka?"

Akakasirika. Sikuwahi kumwona amekasirika. "Kwani kutaka ndiyo nini? Tunalala sita chumba kimoja, vitanda vya juu na chini. Zamu yangu inaanza watu wengine wakiwa usingizini. Nilimuuliza msimamizi kama naweza kuja naye, akacheka, si kwa ubaya. Naweza kumpenda. Pa kumlaza sina. Wewe ulienda kuwaambia nichague, na mimi sina cha kuchagulia!"

Nikamwambia, "Basi njoo kesho." Akasema atafikiri. Kijino akamshika pua, akabaki na unga mkononi, akaulamba.

Hakuja kesho yake. Amekuja leo. Ameketi mwisho wa kitanda, na mimi naandika nimesimama.

Mkeo


7 Juni

Mke wangu,

Nakuja. Plasta imetolewa, mguu umekuwa mwembamba kama wa korongo, daktari amesema nisisafiri na mama amesema daktari hana mke ugenini. Kiti nimekata cha mbele kabisa ili niunyooshe.

Sijui nitakayemkuta. Nakuja hivyo hivyo. Ikiwa ni kukubebea mzigo tu turudi, magongo yana nafasi ya kutundika mfuko.

Mumeo


19 Juni

Mama, shikamoo.

Mwanao alifika salama, amevimba mguu na mdomo, maana njia nzima alikuwa akigombana na kondakta. Alipopanda ile ngazi kwa magongo jengo zima lilitikisika, na Kijino akamlilia kwa hofu. Alikaa chini sakafuni akamwacha alie. Baadaye mtoto akatambaa kwenda kuyachunguza magongo.

Nakuandikia habari za jana, za mahakamani.

Hakimu ni mama mtu mzima, alikuwa na mafua, anajifuta pua kila sentensi. Akamuuliza mwanao kwa nini hakuonekana miezi yote. Akajibu, "Nilianguka, mheshimiwa." "Kutoka wapi?" "Kwenye paa la chumba cha mtoto." Afisa wa ustawi, yule asiyecheka, akainamisha kichwa kuficha uso.

Kisha akaitwa binti. Alivaa gauni nililomshonea kwa mkono. Kazi siruhusiwi, lakini hakuna sheria inayonizuia kumpa mtu zawadi. Hakimu akamweleza haki yake, polepole, mara mbili. Halafu akauliza, "Unaridhia mtoto huyu awe wa hawa?"

Mama, alilinyoosha kwanza pindo la gauni lake. Mwanao alinishika mkono.

Binti akasema, "Kuridhia, siridhii. Nakubali."

Hakimu akaweka kalamu chini. "Sheria inataka nijue kama hujalazimishwa."

"Sijalazimishwa na mtu. Nimelazimishwa na hali. Kama ningekuwa na chumba, tusingekuwa hapa. Lakini yeye hawezi kungoja nipate chumba, anakua. Na huyu dada angeweza kunificha, hakunificha. Ndiyo maana nakubali. Nataka kitu kimoja tu: ajue nipo. Asinijue kwenye picha tu. Na asiniite shangazi wala rafiki. Mimi ni mama yake mdogo."

Hakimu akatugeukia. Mwanao alijaribu kusimama bila magongo, akashindwa, akasema akiwa nusu amekaa, "Mheshimiwa, hata asingesema tungefanya hivyo." Nikamtazama. Yeye aliyeniambia ninyamaze! Akakwepa macho yangu.

Amri imetolewa, Mama. Ni wetu. Nilidhani nitaruka, nitapiga vigelegele. Tulitoka nje tukasimama kwenye ngazi za mahakama sote wanne, hakuna aliyejua pa kuelekea. Mwishowe binti akasema zamu yake imekaribia. Akambusu Kijino sikio, akaondoka haraka bila kugeuka. Kijino alilia njia nzima, na mimi nililia naye.

Tutakuwa hapo wiki ijayo, karatasi za mpakani zikikamilika.

Mkwe wako


25 Julai

Mdogo wangu,

Najua uliniambia nisiandike mpaka tutulie. Nikingoja tutulie nitaandika nikiwa bibi. Mlango ukigongwa bado naruka kufunika sufuria. Mume wangu ananicheka: "Afisa amebaki ng'ambo, mama." Najua, lakini miguu yangu haijui.

Wiki ya kwanza mtoto alikataa kila mtu. Mimi mwenyewe alinisukuma uso. Hakutaka maziwa, hakutaka kulala, alitambaa nyumba nzima akiangalia nyuma ya milango. Mume wangu akasema anashangaa mahali tu. Mimi nilijua anamtafuta nani. Nikamwimbia ule wimbo wenu wa kufua, vibaya, naruka maneno. Akanitazama kwa makini kama mtu aliyepewa chenji pungufu, halafu akalala.

Mama mkwe wangu ndiye amemteka. Anambeba mgongoni tangu asubuhi, anamwonyesha mtaani kwa watu ambao hawakuuliza. Jana jirani alisema mtoto hafanani na mtu yeyote humu ndani. Mama mkwe akamjibu, "Anafanana na mama yake mdogo. Humjui, lakini utamjua," akapita zake.

Lile tundu la paa limewekwa kioo. Mume wangu alimsimamia fundi kijana kutoka chini, akipiga kelele mpaka kijana akashuka kwa hasira. Chini ya kioo hicho kuna kitanda cha mtoto, na pembeni tumeweka kingine, cha mtu mzima. Hakina mtu. Mama mkwe amekitandika na hataki hata nguo zilizofuliwa ziwekwe juu yake.

Likizo yako ya mwisho wa mwaka usimwachie mtu mwingine. Basi linaondoka alfajiri, ukae upande wa kushoto, wa kulia jua linachoma. Mume wangu atakupokea kituoni. Utamwona kwa mbali, bado anachechemea.

Juzi Kijino amesimama kwa kushikilia meza. Leo ameachia mkono mmoja, akatutazama wote kwa zamu kama anatutishia.

Njoo kabla hajajua kukimbia.

Dada yako